Kamati ya Roma

Mume wangu Kasiani hanunui hata sufuria bila kuitisha kikao. Sisemi hivi kwa kumsengenya; yeye mwenyewe hulitaja kama sifa. Tangu tuhamie Stockholm amekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi, za ubatizo, za misiba, kamati ya kumpokea padri na kamati ya kumuaga padri huyohuyo. Mtanzania ukimwacha jangwani peke yake atajichagua mwenyekiti, kisha ataketi amngoje katibu. Kwa hiyo nilipopata wazo la kwenda Roma Pasaka ya mwaka 2011, mtu mwenye akili angenunua tiketi kwanza ndipo amwambie mumewe. Mimi nilianza na mume.

Wazo lenyewe lilitokana na hofu. Binti yetu Theresia alikuwa anamaliza sekondari mwezi wa sita, na alishaamua kwamba akimaliza atakwenda kusoma Umeå, huko kaskazini ambako hata Waswidi wenyewe hukuita mbali. Mimi nilikuwa natandika vitanda katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda. Kasiani alikuwa kwenye ghala la mizigo palepale. Nyumbani kwetu Märsta tulikuwa tunapishana mlangoni, huyu anavua viatu, yule anavaa, na mtoto tunapokezana hapohapo kizingitini. Asubuhi moja nikamwona Theresia akipaka siagi kwenye mkate, nikaona ule mkono ni wa mtu mzima, na sikukumbuka ulikua lini. Roho iliniuma sana. Nikasema, kabla huyu hajaondoka nitakaa naye siku chache, mimi na yeye na baba yake na mdogo wake Clinton, wanne tu, mahali ambapo hakuna anayekimbilia kazini. Na tutalala kwenye vitanda vilivyotandikwa na mwanamke mwingine.

"Wazo zuri," Kasiani akasema, akikoroga chai. "Tulijadili."

"Tumeshalijadili. Mimi nimesema, wewe umesema zuri."

"Sawa, Mama Theresia. Sawa."

Nikadhani ameelewa. Theresia nilipomwambia akaniuliza kwa Kiswidi, "Måste jag?", yaani ni lazima, swali ambalo watoto wa hapa huuliza hata ukiwapa keki. Nikamwambia ndiyo, ni lazima.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na Misa ya Kiswahili, ambayo hutukutanisha mara moja kwa mwezi sisi tuliotawanyika pande zote za mji huu. Wakati wa matangazo nikamwona Kasiani anasimama. Nikafikiri anataka kusema habari za nani ataosha vikombe baada ya chai. Akafunga kifungo cha koti, na hapo nikaanza kuogopa, maana Kasiani hafungi koti kwa ajili ya vikombe.

"Ndugu zangu katika Kristo," akasema, "familia yangu inatarajia, Mungu akipenda, kwenda Roma Pasaka hii. Tunaziomba sala zenu."

Nilimvuta koti, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Ni kweli kwetu mtu haondoki kimyakimya. Anayesafiri bila kuaga, akivunjika mguu huko aendako, hata pole hapewi. Lakini kuna kuaga, na kuna kupiga mbiu ya mgambo.

Chai haijapoa, tayari tumezungukwa. Wa kwanza alikuwa Révérien, Mrundi wa mtaa wa Rissne, mwalimu wa kwaya. Révérien alipokuwa kijana seminarini aliwahi kupelekwa Roma kwa wiki moja, na tangu siku hiyo huizungumzia kama kijiji alichozaliwa.

"Bon, mwenyekiti," akasema, "Roma watu wane tu? Mutapotea. Muko na lazima ya mtu mwenye anaijua."

"Na siye tutakuja," akasema Concessa, mkewe, ambaye ni fundi cherehani na ana moyo mweupe. "Mama Theresia hawezi kwenda peke yake kama mtu mwenye hana ndugu."

Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia kwamba kuwa peke yangu ndilo jambo lenyewe ninalolitaka, akaingia Khamis. Khamis ni Mzanzibari, dereva wa basi, Mwislamu asiyekosa swala, na ndiye katibu wa kamati zetu zote za Kikristo kwa sababu hakuna mwingine mwenye subira ya kuandika yale yote tunayoyasema. Yeye huja wakati wa chai.

"Basi la kukodi nnalipata," akasema, "na dereva wa kupokezana naye yupo. Kanisani kwenu siingii, lakini mji huo nnataka niuone kwa macho yangu, wallahi."

Kisha akaja Perpétue, Mkongo wa mtaa wa Hagsätra, anayeuza vitenge chumbani kwake. Hakuna aliyewahi kumwambia Perpétue hapana akabaki na raha. Akaweka kikombe mezani.

"Miye naenda," akasema. "Mwenye hataki, aseme sasa."

Hakuna aliyesema. Tuliingia kanisani tukiwa wasafiri wanne, tukatoka tukiwa basi zima.

Kwenye treni ya kurudi Märsta nilimshukia Kasiani mpaka Waswidi wa kiti cha jirani wakahama, na Mswidi si mtu wa kuhama kiti bila sababu.

"Nilisema sisi wanne, Kasiani. Wanne!"

"Sasa watu wakitaka kukusindikiza, unawakataza vipi?"

"Kwa mdomo!"

"Mama Theresia, mtoto anaondoka nyumbani. Kwetu mtoto haagwi na watu wawili."

Akageukia dirishani akaanza kuitazama misitu kama mtu aliyetumwa kuhesabu miti. Nilijua maana yake. Kichwani alikuwa ameshaanza kupanga ajenda.

Nyumbani nikamweleza Theresia: ile safari yetu ya watu wanne sasa ni basi, na ndani yake kuna kwaya. Akasema, "Jaha," akaingia chumbani akafunga mlango. Hilo jaha ni neno la Kiswidi la kupokea habari bila kuonyesha umeiweka wapi. Nilisimama nje ya mlango nikasikia anagonga vitufe vya kompyuta kwa kasi. Moyo ukaniambia mtoto amekasirika, anawaandikia wenzake mabaya yetu. Na haki yake! Nani mwenye umri ule anataka kufungiwa kwenye basi siku mbili na walezi wake wote, wakiimba? Alikuwa amebakiza miezi michache tu ya kuwa wangu, na sasa hata safari nitamburuza. Nikaapa palepale kwamba nitamwokoa.

Kikao cha kwanza kilifanyika sebuleni kwetu. Kasiani alisoma ajenda kwa sauti ya Bunge: kufungua kikao, mahudhurio, usafiri, malazi, mengineyo. Clinton akanyoosha kidole akauliza kama tutauona uwanja wa mpira. Baba yake akamwambia hilo liko kwenye mengineyo. Mengineyo hayakufikiwa, kama kawaida ya mengineyo.

Kwenye malazi Révérien alisimama. Alisema anawajua masista fulani wenye nyumba ya wageni, pasafi, pana bustani. "Kuna sharia kidogo tu. Mulango wanafunga mapema. Na kila mugeni anatandika kitanda chake."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa na sinia la sambusa mapajani nikaona ule ujinga wangu wa kulala kitanda cha hoteli unazikwa kwa makofi. Ndipo nikaamua kuiua kamati.

Sasa, kamati ya Waswahili haiuawi kwa kuipinga. Ukisimama ukapinga utaambiwa, na Benedicta ndiye mimi, "Tunamshukuru dada Benedicta kwa mchango wake," kisha utapewa kamati ndogo uiongoze. Haiuawi kwa kutohudhuria, maana watakufuata nyumbani, na kwa bahati mbaya nyumbani ndiko walikokuwa. Nimekaa kwenye kamati tangu nikiwa msichana Songea, na ninajua kitu kimoja tu kinachoziua, nacho ni sare.

Kikao cha pili, walipokuwa wanajadili tulie wapi chakula cha mchana njiani, nikanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. Huko Roma tutavaa nini?"

"Nguo," akasema Kasiani.

"Nguo gani, mwenyekiti? Pasaka pale uwanjani kwa Baba Mtakatifu watakuwapo watu wa mataifa yote, wamependeza. Sisi tutatokea na makoti ya baridi, kila mtu na rangi yake, kama watu waliokimbia moto?"

Wanaume walianza kucheka, kisha wakaona nyuso za wanawake wakanyamaza.

"Hoja ni nzuri," Concessa akasema taratibu. "Siye mama wa Burundi tuko na imvutano. Ni vazi la heshima. Kitambaa chepesi, kinafungwa begani, kinashuka hivi." Akashusha mkono, na kweli tukakiona.

"Begani?" akauliza Perpétue. "Na upepo? Hapana. Tutavaa kitenge cha wax. Nguo ya mama ni wax. Miye niko nayo ya njano, inatosha watu wote."

"Pasaka ni rangi nyeupe," akasema Concessa.

"Pasaka ni furaha. Njano ni furaha."

Khamis alikuwa anaandika. Akainua kichwa. "Niandike nini, rangi gani?"

"Andika bado," nikamwambia. "Tuunde kamati ndogo."

Kazi iliyobaki niliifanya kwa simu. Nilimpigia Concessa nikamwambia, "Dada, mimi imvutano naipenda sana. Ila nimesikia watu wanasema hilo ni vazi la harusini tu, kanisani mtu anaonekana kama amekosea mlango." Akauliza ni nani wanasema. Nikamwambia, watu. Kisha nikampigia Perpétue. "Vitenge vyako ni vizuri, dada yangu. Sema wapo wanaosema vinachuja." Akakata simu. Muuza vitenge unaweza kumtukania hata baba yake mkayamaliza, lakini usimwambie vitenge vinachuja.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wiki mbili kunguru nilikuwa mimi. Nilikaanga vitunguu huku simu nimeibana kwa bega, nikisema "Eh!" na "Kweli?" na "Mimi simo." Concessa alitangaza kwamba hawezi kuvaa njano ya mtu anayemdharau mama yake. Perpétue alisema hawezi kupanda basi na watu waliovaa pazia. Waliokuwa upande huu wakaacha kuwasalimu waliokuwa upande ule.

Kikao cha tatu, kati ya viti vyote tulivyopanga sebuleni, vilikaliwa viwili. Kimoja cha Khamis na kalamu yake, kingine cha Révérien, aliyekaa ukingoni bila kuvua koti.

"Mwenyekiti," akasema Révérien, "mke wangu hakukuja. Na miye nimekuja kusema kama sikukuja."

"Akidi haijatimia," akasema Khamis kwa huzuni, akaandika hivyo.

Kasiani akafunga kikao kwa sala, sauti ile tunayotumia makaburini. Wageni walipoondoka alianza kukunja viti kimoja kimoja.

"Kamati yangu ya kwanza kufa," akasema. "Na hata ya msiba wa mzee mmoja tuliimaliza wiki moja!"

Nilimpikia mtori, na ndizi za kutengenezea mtori nilizifuata mbali. Nilimhurumia, lakini si kiasi cha kujuta. Nilimwacha na bakuli lake nikaenda kubisha mlango wa Theresia, miguu myepesi, mtu mwenye habari njema.

"Mwanangu," nikasema, "basi limekufa. Hakuna kwaya, hakuna masista. Sasa ni sisi wanne tu."

Theresia akavua vile vya masikioni vya kusikilizia muziki. "Vad har du gjort?" Umefanya nini. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeokolewa.

"Nimekuokoa."

Akaanza kunijibu, na kwa kuwa alijibu kwa Kiswidi tupu, nitawaeleza kwa Kiswahili, na mengine nitayaacha. Kumbe ule mwezi mzima wa kugonga vitufe alikuwa anaandikiana na Mélissa, binti wa Concessa na Révérien. Walikuwa wanapanga basi. Walikuwa wameshakubaliana nani ataketi na nani, nani asiwekwe karibu na nani, nyimbo gani ziimbwe tukiwa Ujerumani na nani anyang'anywe kipaza sauti.

"Lakini ulisema jaha!" nikamwambia.

"Nilisema jaha kwa sababu nilifurahi."

"Mtu akifurahi anasema jaha?"

"Mamma," akasema, "mimi nimezaliwa hapa."

Nikakaa kitandani. Nikamwambia ukweli: kwamba nilitaka siku chache za kuwa naye, mimi na yeye, kabla hajaniacha. Nilisema hivyohivyo, kabla hujaniacha.

Akafunga kompyuta. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma na kunifurahisha kwa pamoja. "Wewe nitakuwa na wewe siku zote. Utanipigia simu asubuhi na jioni. Utakuja Umeå na ndoo ya pilau hata nikikukataza. Lakini shangazi Concessa aliyenishonea gauni la komunyo ya kwanza? Anko Khamis aliyekuwa ananisubiri kituoni na basi zima la watu kwa sababu alijua nimechelewa? Shangazi Perpétue? Nikishahamia Umeå, wao nitawapata tena lini wote pamoja? Mtu wa mbali huitwa harusini na msibani tu. Mimi siolewi karibuni, mamma, na sitaki mtu yeyote afe."

Nilitaka kukasirika, na nilikasirika. Nilikuwa nimeambiwa na mwanangu wa kumzaa kwamba mimi ni wa siku zote, na sikujua kama hiyo ni heshima au ni kuwekwa kabatini pamoja na mashuka. Lakini alikuwa analia, na Theresia hakuwa mtoto wa kulia. Nikasimama nikaenda jikoni kukanda unga wa chapati, maana huendi kuomba radhi mikono mitupu.

Rissne nilifika kesho yake na kapu. Concessa alinikaribisha kwa adabu mbaya, ile adabu iliyonyooka sana. Akanipa kiti, akanipa chai, kisha akarudi kwenye cherehani akaendelea na pindo refu la pazia la mtu. Alishona lile pindo mpaka mwisho, na mimi nimekaa.

"Mama Theresia," akasema akikata uzi kwa meno, "nani alisema kama imvutano ni ya harusi?"

"Watu."

"Watu wa wapi?"

"Wa huko kwetu Märsta."

"Märsta." Akageuza kiti. "Huko Märsta, watu wenye wanajua imvutano ni kitu gani, toa weye na bwana wako, wanabaki nani?"

Concessa akanitazama, nami nikatazama chai. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika cherehani. Nami nikacheka, nusu kwa aibu, na nikamweleza alichosema Theresia juu ya gauni la komunyo. Akaacha kucheka. Akafuta macho kwa lile pazia la mtu.

"Alisema hivyo?"

"Hivyohivyo."

"Bon," akasema. "Tutaenda. Lakini chakula cha njia, utapika weye. Cha basi yote, kwenda na kurudi."

"Peke yangu?"

"Pamoja na hao watu wa Märsta."

Kutoka Rissne kwenda Hagsätra ni kukata mji mzima, kutoka njia ya buluu mpaka mwisho wa njia ya kijani, na nilimwomba Mungu treni iharibike. Haikuharibika. Perpétue alinifungulia mlango bila salamu. Sikupewa kiti wala chai. Alinipeleka bafuni, akafungua bomba, akanipa doti ya wax ya njano na kipande cha sabuni.

"Fua," akasema.

Nikafua. Nilifua nimepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, na gauni langu la kwendea kanisani. Maji yakabaki meupe. Akayamwaga, akajaza mengine.

"Fua tena."

Nikafua tena.

"Imechuja?"

"Haijachuja."

"Sema kwa nguvu. Jirani yangu hakusikia."

"Haijachuja!" nikapiga kelele, na sauti ikazunguka bafu lote. Hapo ndipo akaniruhusu kusimama, akanipa taulo, akanipikia samaki. Juu ya samaki tukapata suluhu ya sare: gauni litakuwa la wax ya njano, na juu yake imvutano nyeupe itafungwa begani. Mwanamke mmoja atavaa nguo za kutosha wanawake wawili. Kwamba Roma mwishoni mwa Aprili kuna jua, hilo nililijua na sikuthubutu kulitaja.

Kasiani alifungua kikao cha nne kwa ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita, kama vile hakuna kilichowahi kufa. Hakujua lolote, na wala sikuona sababu ya kumchosha. Alisema kamati yetu imepita katika majaribu. Alimshukuru dada Benedicta kwa moyo wake wa upatanisho, watu wakapiga makofi. Concessa alipiga kwa nguvu kuliko wote, huku ananikazia macho.

Tuliondoka Jumatatu ya Wiki Kuu, asubuhi yenye barafu nyembamba kwenye vioo. Nilikuwa nimepika siku tatu. Nilikaa kiti cha mbele, nyuma ya Khamis, miguu yangu juu ya ndoo ya sambusa, na kiti cha pembeni yangu nikakiwekea mkoba. Kasiani alitaka kukaa, nikamwambia mwenyekiti anakaa katikati awaone wajumbe wake. Révérien alitaka kukaa anionyeshe njia, nikamwambia njia anaijua Khamis. Nilikuwa namngoja Theresia, na simwambii.

Theresia alikwenda kukaa na Concessa. Nikasema sawa, ni haki. Waliongea wakiwa wameinamiana mpaka tulipokaribia bahari ya kusini mwa Uswidi. Tulipovuka na kuingia Ujerumani alikuwa na Perpétue, wanacheka mambo ambayo hawakutaka yasikike mbele. Kisha akakaa na Révérien akafundishwa sauti ya pili ya wimbo wa Pasaka. Kisha akakaa na baba yake, na nikamwona Kasiani amevua kofia, anafuta pua. Khamis alipopumzika na mwenzake akashika usukani, Theresia akakaa na Khamis, wakala chapati zangu. Hata kwa Clinton alikaa, na hawa wawili hawajawahi kukaa pamoja bila refa. Alikuwa anapita kiti kwa kiti, hana haraka. Anaaga. Watu walikuwa wanamjibu kwa mizaha na hadithi za alipokuwa mdogo.

Mimi nilihamisha mkoba, nikaurudisha, nikauhamisha.

Tulipoingia kwenye milima ya Austria, theluji juu na majani mabichi chini, hakukuwa na kiti ambacho hajakikalia isipokuwa changu. Akaja mbele. Nikashika mkoba kwa haraka mno, nikauweka chini. Lakini yeye aliinama tu, akachukua sambusa mbili kwenye ndoo, akageuka kurudi nyuma.

Nilivumilia mpaka hapo. "Theresia," nikasema. "Na mimi je?"

Akasimama, ameshika sambusa, ananishangaa. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, kile chake kinachochechemea.

"Wewe? Wewe nimekuweka ya kurudi, mama. Yote ya kurudi. Mpaka nyumbani."

Akaenda zake. Niligeukia dirishani, nikalia bila kujificha, na milima ya watu ikawa inapita mbele ya macho yangu, sikuuona hata mmoja. Révérien kule nyuma alikuwa ameanza kuwaelezea watu namna Roma inavyoonekana ukiikaribia, na watu wakaanza kupiga vigelegele kabla ya wakati. Khamis alikuwa amerudi kwenye usukani. Nikajifuta uso kwa ncha ya kitenge, nikainama karibu na sikio lake.

"Khamis, ndugu yangu," nikamwambia, "hivi ni lazima tufike?"